Watawa Waliopotea Siku ya Saba

Daw Than Nyo alikuwa amechoka kufundisha. Tangu mwanawe Zeya amwoe Nang Hla, binti wa kabila la Wapao kutoka milimani, kila asubuhi alishika kijiko na sufuria akamfundisha Kiburma.

"Taja kitu kwanza, halafu bandika kijineno nyuma yake. Kwenye sufuria. Kutoka kwenye sufuria. Kuelekea kwenye sufuria. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

Hayo Nang Hla aliyashika upesi. Kilichomshinda ni kaskazini na kusini. Kwao watu huelekezana kwa kupanda na kushuka, na Mandalay ni tambarare kama mkeka.

"Kaskazini ni kule kwenye kilima!" Daw Than Nyo alimpigia kelele. "Shika hilo tu, yatosha!"

Ikafika siku ya saba tangu afe mumewe, U Htwe Aung, aliyeendesha baiskeli ya abiria mjini humo miaka thelathini. Roho yake bado ilikuwemo nyumbani. Daw Than Nyo hakuwa na shaka. Watawa walishwe hapo nyumbani, thawabu ya mlo huo agawiwe marehemu, ndipo aondoke kwa amani. Watawa watano wa kijijini kwake walikuwa wamefikia kwenye monasteri ya mtaa wa 33, nao ni wageni mjini. Nang Hla akatumwa kuwaleta kwa miguu, mitaa mitatu tu kutoka hapo kwenda kaskazini hadi nyumbani.

Saa tano kasoro robo hawajafika. Saa tano na dakika kumi, simu ikalia.

"Mama, tumepotea."

"Mko wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi, we mtoto? Kilima kiko upande gani?"

"Hakuna kilima, Mama. Kuna moshi."

Daw Than Nyo akachungulia dirishani. Kweli, moshi wa mashamba yanayochomwa ulikuwa umekifunika chote.

"Na watawa hawajakwambia kitu?"

"Wananifuata tu, Mama. Mkubwa wao ameketi. Miguu inamuuma."

"Mpe simu mtu yeyote mwenye akili!"

Akasikika mwenye duka la mafuta ya karanga. Wako mtaa wa 86, kati ya 38 na 39. Daw Than Nyo akakaa chini kwa hasira. Badala ya kwenda kaskazini, msichana alikuwa amewaburura wazee wa watu kusini kwenye jua. Kuwarudisha kwa miguu haiwezekani, na mtawa haruhusiwi kula tena saa sita ya mchana ikishapita.

"Zeya! Funga masufuria kwenye pikipiki. Chakula ndicho kitakachowafuata."

"Na Baba je?" Zeya aliuliza. "Si yuko hapa ndani?"

Hilo lilimkata maini. Wali, mchuzi wa kuku na supu vingebebwa, lakini mtu atabebwaje? Alisimama mlangoni, majirani wakimtazama, akapaza sauti kuelekea chumbani kumwita marehemu mumewe.

"Ko Htwe! Toka. Karamu yako imehamishwa, usiniulize kwa nini, muulize mkweo. Nenda kusini mpaka mtaa wa 38. Pinda magharibi mpaka wa 86, kisha kusini tena kidogo. Duka la mafuta ya karanga. Na usipite njia zako za mkato, nakujua!"

"Mama, twende," Zeya alisema, macho yamemlowa.

Mwenye duka alikuwa ametandika mikeka barazani na kuwanawisha watawa miguu. Nang Hla alipiga magoti pembeni, analia.

"Utalia baadaye. Pakua wali!"

Watawa walikula saa tano na nusu. Walipomaliza, mkubwa wao akasoma sala, na Daw Than Nyo akamimina maji ya kumgawia marehemu thawabu, polepole, kutoka kwenye birika hadi kwenye bakuli. Angejuaje kama mumewe amefika?

"Taja jina lake, dada," mtawa alisema. "Mwite."

"U Htwe Aung," aliita. Kisha, kwa sauti ya mke aliyengojeshwa mno: "Kama umechelewa, kaa hapo nyuma. Pokea. Pokea. Pokea."

"Sadhu, sadhu, sadhu," wote wakaitikia, yaani "vyema," mwenye duka akiwashinda wote kwa sauti. Daw Than Nyo akaenda kuyamwaga maji ardhini, kwenye mti uliokuwa mbele ya duka. Aliinama pale muda mrefu, hata Nang Hla akaja kumshika mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakugombezwa.