Miche 10,007

Wajomba zangu wa Kisarawe walisema sitaweza kulima. Mkubwa wao alisema nanasi halisomi vyeti. Mimi, niliyejisomesha stashahada ya ugavi kwa kuosha masufuria ya hoteli Durban, nikarudi na kujenga nyumba pale Mkuza bila kusaidiwa hata tofali moja, nikawajibu kwamba nitapanda kwa mistari iliyolingana yote, bila mche mmoja kubaki. Mjomba akaniachia ekari yake kwa sharti: Jumamosi atakuja kuuona mpango. Nikishindwa, ekari anapewa mdogo wangu.

Mdogo wangu aliishia darasa la saba. Hajawahi kuvuka mpaka wa nchi. Lakini mama akiwa na jambo la hesabu humwita yeye, hata nikiwa nimekaa palepale. Hilo limeniuma tangu utoto.

Miche ya nanasi niliazima kwa ndugu na majirani: unakopa mche, unalipa mche shamba likishatoa machipukizi. Jumla ilikuwa 10,007. Nikagawa kwa tatu, ikabaki miwili. Kwa saba, minne. Kwa kumi na moja, minane. Siku tatu nilikuwa na simu na karatasi. Nikaihesabu miche upya nikitumaini nimekosea. Ilikuwa ileile.

Ijumaa mdogo wangu alipita na jembe begani, akazitazama karatasi zangu, akachuchumaa na kuanza kuandika mchangani kwa kijiti. Aliandika mpaka alasiri.

"Kaka, usijichoshe. Nimeijaribu mpaka tisini na saba. Haigawanyiki."

"Kwa nini uishie hapo?"

"Mia mara mia ni elfu kumi. Kigawanyo kikizidi mia, mwenzake lazima awe mdogo, na wadogo wote nimeshawapitia. Hii inakubali moja na yenyewe tu. Labda upande mstari mmoja mpaka kule mbali Dutumi."

Akacheka, akasema nipande mia kwa mia, mistari mia ya miche mia, na miche saba itakayobaki nimpe mama aipande nyuma ya jiko.

Jumamosi niliwaambia wajomba kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Wakaisifu stashahada yangu. Mdogo wangu alikuwepo, akawagawia wajomba maji ya kunywa. Afadhali angenisuta.

Shamba lilizaa, na lilizaa vizuri kuliko mashamba ya wale walionicheka. Siku ya kulipa niliwaita walionikopesha wote nyumbani kwa mama, nikawahesabia mche kwa mche. Hakuna aliyeondoka akinidai. Mjomba akauliza kama sasa sidaiwi na mtu.

Mdogo wangu alikuwa akimfungia jirani miche yake kwa kamba. Hakunitazama.

"Nadaiwa na huyu," nilisema. "Ile mia kwa mia ilikuwa hesabu yake."

Nilisema mara moja tu, na si kwa sauti kubwa. Mama, bila kuinua kichwa, akasema alijua tangu Jumamosi ile.