Pasti ya Bwana Injinia

Siku ya kwanza kazini nilifika kwa Bwana Injinia kwa miguu kutoka Mwananyamala, kabla jiko halijawashwa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tatu, mwaka waliofariki baba na mama. Wazee wa ukoo walikwisha kata shauri: nisipopata kazi yenye chumba, wadogo zangu wawili wangegawiwa, Zuhura kwa shangazi kule Boko, na Saidi kwa ami yetu kule Madale. Bwana Injinia alinipa mwezi mmoja wa majaribio ya upishi.

Mpishi Mkuu alikuwa Mzee Feruzi, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali. Alianza kunifundisha tanuri, maana jiko letu la chuma lilikuwa la kuni na halikuwa na kipimo. Unanyunyiza unga kwenye sinia, unalisukuma ndani. Ukigeuka kahawia taratibu, oka. Ukiungua, chomoa kuni. Nyie wenye majiko ya namba hamjui raha hiyo.

Bwana Injinia alitoka Cornwall, pembe ya magharibi ya Uingereza, ambako watu huchimba bati. Mwezi ulipokaribia kwisha akataka nimpikie pasti, chakula cha wachimbaji wa kwao: unga wa ngano uliokandwa kwa siagi, umekunjwa nusu mwezi, ndani nyama, viazi na vitunguu. Nikajiambia, hii si sambusa? Nikakaanga nyama kwa tangawizi, nikafunga, nikaoka.

Bwana alikula yote, akafuta masharubu.

"Tamu sana. Lakini umenipikia sambusa iliyonenepa. Nyama inaingia mbichi, viazi vibichi, vinaivia humo ndani. Jumapili nina wageni wa kwetu. Nipe pasti, la sivyo nitatafuta mpishi mwingine."

Nilipomweleza Mzee Feruzi, alishika kiuno. "Mbichi? Mwanangu, ukimlisha Mzungu nyama mbichi utalala rumande. Kaanga kidogo tu, hatajua."

"Ile ya kwanza aliijua, Mzee."

"Alijua tangawizi!"

Jumamosi nikafuata shauri lake, nikampelekea Bwana moja aonje. Aliipasua, akaitazama tu.

"Umekaanga."

"Nimekaanga, Bwana. Niliogopa kuua watu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Babu zangu waliila shimoni maisha yao yote. Mikono yao ilikuwa michafu kwa vumbi la mawe yenye sumu, basi walishika ukingo mnene, wakala, wakautupa ukingo. Ukiziba vizuri, mvuke unaivisha kila kitu."

Hapo nikaelewa. Ni kama wali unaopaliwa makaa juu ya mfuniko: mvuke ukitoroka, umeharibu chakula. Basi kazi yote ilikuwa kwenye mshono. Jumapili nikakata nyama nyembamba, mbichi, nikausuka ukingo kama ukili wa mkeka. Pasti tisa ziliingia tanurini, na hakuna hata moja iliyovuja.

Mgeni mmoja mzee aliweka uma chini, akashika ukingo kwa vidole, akala yote. Bwana akaja jikoni.

"Nani alikufundisha mshono huu?"

"Mama yangu, Bwana. Alikuwa msusi wa mikeka. Amefariki, ameniachia wadogo wawili."

"Chumba cha uani ni chako. Walete."

Alipotoka, Mzee Feruzi alinipiga bega. "Si nilikwambia iwe mbichi?"

Miaka mingi baadaye nilihamia kwa Bwana Forodha, mtu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kwao rojo ya unga na mayai humiminwa kwenye mafuta yanayofuka moshi, ikafura, ikaliwa kabla ya nyama ili tumbo lijae na nyama ipate kubaki. Kisha nikawa kwa Bwana Daktari wa Uskoti, aliyependa tumbo la kondoo lililojazwa moyo, maini na shayiri. Kusafisha tumbo kwa ndimu na chumvi nilimfundisha mie. Yeye alinifundisha kuacha nafasi, maana shayiri huvimba.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama sikuona aibu kupika vya watu. Sikuona. Kila chakula kina sababu kwa wenyewe. Ukiidharau, utakipika vibaya. Iulize kwanza, ndipo ushike kisu.

Katika chumba kile cha uani kwa Bwana Injinia tulikaa miaka. Zuhura alitoka humo siku ya harusi yake, Saidi alitoka alipoajiriwa reli. Hakuna aliyegawiwa.