Saa Tisa Kibarazani kwa Luciana

Ikifika saa tisa alasiri mwanangu si wangu. Anajifunga kitenge juu ya sweta, anasema, "Mama, natoka kidogo," na huko kutoka kidogo ni hatua thelathini mpaka kibarazani kwa Luciana, nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Chanji. Nimezihesabu. Anakaa huko mpaka kuku wanaingia bandani. Mimi nabaki jikoni. Dirisha langu linaona kile kibaraza chote isipokuwa sehemu iliyo nyuma ya nguzo, na Lydia anapenda kukaa nyuma ya nguzo.

Luciana ana miaka sitini na mitatu, ni mjane, na watoto wake wote wako mbali. Asubuhi anauza ulezi sokoni, alasiri anachambua wa kesho. Anayekwenda kumsalimia anapewa ungo na kigoda, anatoa mawe na makapi huku anaongea. Humu mtaani kuna wanaume wazima, wenye wake na ng'ombe, wamechambua ulezi wa Luciana huku wanamweleza mambo yao. Mwanzoni nilisema ule ni ujanja wa kupata vibarua wa bure. Nililisema hilo kwa watu watatu, wanne ukimhesabu mume wangu.

Lydia ana miaka kumi na tisa, ndiye binti yangu wa pekee. Zamani alikuwa ananiambia kila kitu, hata ndoto. Tangu Krismasi nilikuwa napata "ndiyo, mama" na "hapana, mama" tu. Halafu siku moja mwezi wa sita, upepo ukivuma wa kukausha midomo, nilimwona analia pale kibarazani. Luciana hakumgusa, hakumpa pole. Aliendelea kuchambua. Maharage yangu yakaungua nikiwa nimesimama dirishani. Nilijiuliza huyu ni mwanamke gani anayemwacha mtoto wa mwenzake alie hivyo. Lakini Lydia alirudi nyumbani na uso mwepesi, akala ugali akaongeza. Mungu anisamehe, sikufurahi. Iliniuma kwamba amekula.

Nilimpigia simu baba yake, Nestory, aliyekuwa shambani Mpui akivuna mahindi. Alisema nimwache, ni mtu mzima. Kusema hivyo ukiwa Mpui ni rahisi.

Kesho yake nilikwenda kwa Luciana saa nane, kabla Lydia hajafika, na bakuli la maharage mkononi ili isionekane nimekwenda kugombana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Lydia. Vuta kigoda."

Akanipa ungo. Nikaanza kusema kabla sijakaa vizuri. Nilisema mwanangu hali vizuri nyumbani, halali usingizi, ana siri, na kama ana mimba mimi ndiye wa kuambiwa kwanza, si majirani, kwa sababu majirani hawakumzaa. Nilisema mengi. Yeye alichambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi. Maneno ya Lydia ni ya Lydia, siyatoi. Nitakupa ya kwangu."

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na tumekuwa majirani miaka kumi na moja. Ujanani alikuwa mhudumu wa zahanati moja kijijini. Alipiga deki na kufua mashuka, na kwa kuwa daktari alikuwa kijana wa kutoka mbali asiyejua Kifipa, alimtafsiria wazee. Siku moja akaja bibi mmoja kwa miguu. Kama wazee walivyo, alianza na salamu, akaja kwenye mavuno, kisha njia ilivyokuwa na jua na kichwa kilivyomgonga. Foleni ilikuwa ndefu. Luciana alimgeukia daktari akamwambia anaumwa kichwa. Bibi akapewa vidonge, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake.

"Alikuwa hajafika kwenye neno lake," Luciana alisema. "Mkwe wake alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto hatoki. Alipoona napeleka maneno kwa daktari, akadhani nimeshajua kilichomleta, na vidonge ni vya mkwe. Akampelekea vile vidonge vya kichwa. Kesho yake walimleta kwa baiskeli. Mama alipona. Mtoto, hapana."

Kuanzia hapo, alisema, mtu hamkatizi. Tena hajibu mpaka amrudishie mwenyewe maneno yake, asikie kama ndiyo hayo. Akaniambia nijaribu.

"Yule kuku wangu mwekundu anataga vichakani. Jana nimeona mayai sita, ila goti linauma, nashindwa kuinama kuyatoa."

"Nitakuletea dawa ya kuchua," nikasema.

"Sikuomba dawa. Nimesema nini?"

"Umesema goti linauma. Na huyo kuku ungemfungia tu."

"Mama Lydia."

Nilirudia mara nne. Mara ya nne nilimtaja kuku, vichaka, mayai sita, goti, na kushindwa kuinama, nikanyamaza. Akacheka mpaka ulezi ukamwagika kutoka kwenye ungo wake.

Niliondoka na hasira. Kama angekuwa mchawi au mmbeya ningejua la kufanya, lakini hakuwa. Alikuwa anajua kazi ambayo ni yangu, na anaijua kunizidi.

Jumapili nilinunua ulezi sokoni, kwa mtu mwingine kabisa, nikaweka nyungo mbili kwenye kibaraza changu. Lydia alizitazama.

"Mama, unamwiga Bibi Luciana?"

"Ndiyo."

Akakaa. Nafikiri alinihurumia. Tulichambua muda mrefu, na mara nne hivi swali la mimba lilinifika mdomoni nikalimeza. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa:

"Nikikuambia jambo Jumatatu, Alhamisi unaliombea."

Alhamisi ni siku ya jumuiya yetu, tunaposali pamoja nyumbani kwa mmoja wetu. Nilitaka kumwambia sala si dhambi. Nikakumbuka yule kuku.

"Unasema ukiniambia jambo Jumatatu, Alhamisi naliombea."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

"Krismasi ulisema Mungu amfariji Lydia aliyeachwa na kijana wa kule Matai. Wote wakajibu, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Mpaka muuza mkaa akanipa pole."

"Nilisema umeachwa, wote wakajibu, na muuza mkaa akakupa pole."

Niliposema hivyo kwa mdomo wangu ndipo nikayasikia. Nikauweka ungo chini. Nikamwambia nisamehe, nikaishia hapo, na kuishia hapo ndiko kulikuwa kugumu kuliko kuomba radhi.

Tulirudi kwenye ulezi. Baada ya muda akaanza kuniambia jambo jingine, refu, polepole. Si mimba. Zaidi ya hapo silisemi, hata hapa. Ulezi uliisha tukaanza kuchambua ule uliokwisha kuchambuliwa. Alipomaliza nilimrudishia maneno yake, akarekebisha mawili, akasema, "Hili sijamwambia hata Bibi Luciana."

Alhamisi jumuiya ilikuwa nyumbani kwa Luciana. Mimi ndiye ninayejulikana kwa maombi marefu. Zamu yangu ilipofika, wanawake walijiweka sawa kwenye mikeka. Niliwaombea walio shambani Mpui mavuno mema na njia salama, nikaishia hapo. Klementina, mwenyekiti wetu, alifumbua jicho moja kuona kama naendelea.

Wengine walipokuwa wanakunywa togwa, nilikaa kibarazani karibu na Luciana, upande wa nyuma ya nguzo. Dirisha langu halionekani ukiwa pale.

"Lydia hajambo?" aliuliza.

Nilikuwa nalo mdomoni. Kwa miezi sita nilikuwa nimetamani kitu kimoja tu cha mwanangu ambacho mwanamke huyu hana, na sasa ninacho. Nikikitoa tu kumwonyesha, sitapewa kingine.

"Hajambo."

Akangoja, kwa ule ungojaji wake wa kumfanya hata bubu aongee. Nikavuta ungo wake, nikainamisha kichwa, nikaanza kuchambua.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."