Wimbo wa Mkoromaji Kiganjani Mwangu

Hadithi hii inanionyesha mimi mjinga, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa waliokuwepo kanisani.

Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye ghorofa moja la zamani hapa Berea, huku kusini nilikohamia. Watu wanaingia na kutoka na simu masikioni, hata salamu ya "sharp" hawakwambii. Chumba nilikuwa nagawana na jamaa wa Bujumbura anayefanya kazi usiku. Mimi nikirudi, yeye keshatoka. Nilichokuwa najua kwake ni joto analoacha kwenye godoro.

Aliyekuwa anaongea na mimi ni Gogo, ndivyo huku wanavyoita bibi, wa ghorofa ya juu kabisa, mzee wa Kiyahudi, wa mwisho wa watu wake mle ndani. Wengine walihama zamani, wengine walikufa. Lifti nayo ilikuwa imekufa, basi namchukulia mkate na maziwa, tunapiga stori kwa Kiingereza changu cha getini.

Binti yake alikuwa anakuja kumchukua, ampeleke Australia akaishi naye. Piano inabaki. Kabla ya kuondoka Gogo alitaka kitu kimoja: apige wimbo aliokuwa anauimba dada yake, marehemu, yeye Gogo akiwa kwenye piano. Karatasi ya muziki ilishapotea. Bila karatasi, vidole vyake vinafika katikati vinasahau njia.

"Unasema nini huo wimbo, Gogo?"

"Msichana anakataa kuolewa na mwanaume anayekoroma."

"Huyo msichana atakuwa wa kwetu Uvira."

Akacheka, na mimi nikicheka na mtu huwa naahidi vitu. Nikamwambia nitautafuta. Akanishika mkono, akaniandikia jina la wimbo kiganjani kwa kalamu ya bic, kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani kwao, herufi zake zile za Kiebrania.

"Karatasi utapoteza," alisema. "Mkono utarudi nao."

Nilitaka aondoke ameupiga. Nilitaka pia asiondoke, lakini hilo singemwambia.

Nikazunguka kwa wauza vitabu wa barabarani, mpaka Joubert Park. Mmoja akaniuliza tattoo imenigharimu ngapi. Wimbo hakuna. Usiku sikunawa, nikala pap, ugali wa huku, kwa mkono wa kushoto. Mama angeniona angenichapa.

Kesho yake Jumapili, kanisani kwetu, kanisa la Wakongo. Wimbo wa kuabudu ukapanda, nikainua mikono kama wengine. Papa Pasta akanyamaza ghafla.

"Wewe kijana wa shati la njano. Njoo na huo mkono."

Nikaenda. Akashika kiganja changu, akakiangalia, akakiinua juu watu wote waone. "Kiebrania," akasema kwenye maiki. "Lugha ya Musa. Mkononi mwa mtoto wetu."

Nilifungua mdomo niseme ni bic. Mama mmoja wa mbele alikuwa ameshaanza kulia. Nikaufunga. Kanisa zima likaninyooshea mikono, likaombea kile kiganja, na mimi nimefumba macho, jasho linatoka, naomba maandishi yasifutike na msichana wa watu asiolewe na yule mkoromaji.

Ibada ilipoisha Pasta akaniita nyuma. Hapo nikamwambia ukweli wote, na kukoroma ndani yake. Akakuna kichwa.

"Kuna mtu mwingine anajua?"

"Hapana, Papa."

"Basi libaki hapa."

Halafu akafungua stoo. Hii nyumba tunayosalia, kabla yetu ilikuwa sinagogi. Wayahudi walipohama waliacha boksi la makaratasi yenye herufi kama zile. "Nimeogopa kuyatupa tangu tukodi," akasema. "Nani anajua yanasema nini? Mpelekee bibi, anipunguzie mzigo."

Mengi yalikuwa nyimbo za sauti na piano: mistari mitano mitano, vidoti vyeusi juu yake kama mavi ya mbuzi. Mimi niliyeishia darasa la sita nikakaa chini kulinganisha kila jina na kiganja, mpaka moja likafanana.

Jioni ile Gogo alipiga. Vidole havikupotea. Lakini alipofika mahali pa kuimba, mdomo wake haukufunguka. Piano ikaendelea peke yake, kama mtu anayeongea na kiti kitupu.

"Hapo ni pa dada yangu," alisema.

Nikamuuliza nijaribu? Akarudi mwanzo. Maneno sina, nikaimba la-la-la, na kila aliponionyesha kwa kidevu kwamba mkoromaji amefika, nikakoroma. Alicheka mpaka akakosea, tukaanza upya.

Binti yake akaja, wakaenda. Gogo aliondoka na karatasi kwenye mkoba. Wapangaji wapya wameweka TV juu ya piano. Mimi bado niko getini, na siku hizi mkate ninaonunua ni wangu tu.

Juzi alinipigia simu.

"Huku binti yangu amenitafutia piano nzuri kuliko ile," akasema. "Lakini hakuna mtu wa kukoroma."