Taa ya Mama Mkwe na Moshi wa Korosho

Bado naikumbuka Jumatatu ile ya Oktoba, mwanangu Zuhura, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto huku kijijini Mpapura. Nilikuwa likizo, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa nishati endelevu, mjane niliyeanza chuo katika umri ambao wenzangu walikuwa wakilea wajukuu. Hilo sioni haya kulisema.

Umeniandikia kwamba hesabu za mifumo ya sola zimekuvuruga, na kwamba unataka kuacha chuo urudi nyumbani kwetu mjini, Rahaleo. Nisikilize kwanza.

Siku hiyo mama mkwe wangu, Bi Somoe, alinipokea kwa malalamiko: taa yake ya sola ilikuwa ikizimika hata chakula cha usiku hakijaliwa. "Mhandisi wangu amekuja," akawatangazia majirani. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba nikishindwa hata taa hii, chuo sirudi.

Nikapima betri, nikaikuta nzima. Nikakagua nyaya, nazo nzima. Nikapiga hesabu, nikazirudia, na kila mara zikaniambia kuwa taa ilipaswa kuwaka usiku kucha. Mbona basi inazimika? Masomo yote yakanijia kwa pamoja, tena kwa Kiingereza, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Shemeji yangu, aliyekuwa akichoma korosho za kubangua nyuma ya jiko, hakunihurumia. "Shemeji, gesi ipo hapa hapa Mtwara, wewe ukaenda kusomea jua! Sasa hata jua lenyewe limekukataa?"

Nikaanza kuwaeleza majirani habari za volti, maneno mengi ambayo mimi mwenyewe sikuyaelewa. Mama mkwe akanikatiza.

"Mama Zuhura, nimekuuliza habari za taa, sikukuuliza habari za shule. Unajua au hujui?"

"Sijui, Mama."

"Haya. Na mimi sijui. Sasa tutafute."

Nilihisi kama niliyetuliwa mzigo. Nikaomba ngazi, nikapanda juu ya bati. Kioo cha paneli ya sola kilikuwa cheusi tii! Msimu ule shemeji alikuwa amehamishia moto wake chini ya ukingo wa bati hilo, na moshi wa maganda ya korosho, wenye mafuta, ulikuwa umeganda juu ya kioo. Kitambaa kikavu hakikufua dafu. Ilibidi niombe maji na sabuni.

"Shemeji," nikamwita kutoka juu, "jua limenikataa, au umelifunika wewe?" Majirani walicheka, naye akacheka kuliko wote.

Usiku ule tulikula kwa mwanga. Hata hivyo taa ilizimika kabla ya alfajiri, na sababu sikuijua. Nikarudi chuoni na swali hilo. Mhadhiri wangu naye akakuna kichwa, tukakaa tukalichunguza pamoja. Machache tukayapata, mengine sijayaelewa hata leo.

Mwanangu, kuchanganyikiwa hakukuthibitishii kwamba hapo si mahali pako. Usijifiche nyuma ya maneno ya vitabuni. Tamka usichokijua mbele ya mwalimu na wenzako, kisha panda ukakitazame kitu chenyewe. Usiache chuo kwa aibu. Likizo njoo Mpapura, taa ya bibi yako bado inatusubiri.

Mola akulinde huko ugenini, akupe subira na marafiki wema, akurudishe kwetu salama, ukiwa na maswali mengi kuliko uliyoondoka nayo.