Vitabu Nyuma ya Kufuli

Mwalimu mmoja wa historia, ambaye mtaani kwake alijulikana kwa jina la Mama Pacha, alipewa likizo ya masomo ya mwaka mmoja wakati alipokuwa ameshaacha kuitarajia. Pacha wake walikuwa watu wazima wanaojitegemea, na yeye alitaka shahada ya pili ya masomo ya jinsia. Mada yake aliijua kabla hata ya kuomba nafasi chuoni: wanawake wanaouguza wagonjwa nyumbani, kazi isiyo na mshahara wala ahsante. Hakuitoa mbali. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi, amelemaa upande mzima, na amelazwa chumba cha nyuma, nyumbani kwake Mama Pacha.

Kaka zake waliposikia habari ya likizo walifurahi kupita kiasi.

"Sasa mambo yamenyooka, dada," kaka mkubwa alimwambia kwenye simu. "Maadamu uko likizo, yule msaidizi wa mama tumwachishe kazi."

"Kaka, ni likizo ya masomo. Nakwenda kusoma."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Utasoma pembeni ya kitanda."

Mama Pacha alimlipa msaidizi mshahara wake wa mwisho. Msaidizi akaondoka. Baba Pacha, mumewe, hakuwa mtu mbaya. Chai alipika, maji alichota. Lakini kumgeuza mama mkwe wake kitandani aliona haya, na kwa haya ile hakuna aliyemlaumu. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Pacha alimwosha mama yake, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamlaza ubavu, ndipo akakimbilia chuoni huku mikono ikinuka sabuni ya dawa.

Kompyuta ya maktaba ilimwonyesha vitabu kumi na viwili vya kumfaa. Akaandika namba zake, akapanda hadi ghorofa ya juu. Kwenye rafu iliyoandikwa "Jinsia" alikuta vumbi, kiti kilichovunjika mguu, na kitabu cha ufugaji wa kuku, ambacho bila shaka kiliwekwa pale kwa sababu ya picha ya mwanamke kwenye jalada.

Mkutubi, mzee mpole aliyezoea kunong'ona hata nje ya maktaba, alikisoma kikaratasi chake, akatikisa kichwa.

"Hivi vyote viko kwa profesa, binti yangu. Yule mama aliyeanzisha somo lenyewe. Paa lilikuwa linavuja hapo juu, akasema afadhali vikae kwake, pakavu."

"Nitampata wapi?"

"Amefariki. Nyumba iko mahakamani. Ndugu wa mume wanasema ni yao, dada zake wanasema ni yao. Imepigwa kufuli."

Mama Pacha alijaribu mtandao. Huko alipata vichwa vya makala na mistari michache, kisha dai la malipo. Aliandika kwa alichokipata, akapeleka kwa msimamizi wake. Huyo alizisoma kurasa zile amesimama, kama mtu anayesoma bei dukani.

"Mwalimu, hapa unanisimulia habari za mama yako. Wengine wamesema nini? Bila vitabu hakuna utafiti, kuna masimulizi tu."

Basi akaenda kwenye nyumba yenyewe. Chumba cha uani kilikaliwa na shemeji wa marehemu, mwanamume mnene mwenye fulana, aliyehamia pale kulinda haki ya ukoo. Alimruhusu kuchungulia dirishani. Vitabu vilikuwepo. Vilipangwa sakafuni kwa mafungu, na lebo nyeupe za maktaba zilionekana migongoni. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, na kutoka hapo doa la maji lilikuwa limeteremka ukutani mpaka kwenye fungu la kwanza.

"Vinalowa, shemeji," alisema. "Ni vya chuo, si vya marehemu. Nikabidhi nivirudishe, nitakuwekea sahihi."

"Mama, humu hakitoki hata kijiko. Nikikupa wewe kitabu, kesho dada zake watasema nimeuza makabati. Chuo kije mahakamani kiseme."

Chuo hakikwenda. Mkutubi aliandika barua kwa wakubwa wake. Akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mama Pacha akaenda mahakamani mwenyewe. Kesi ikaahirishwa kwa sababu wakili anaumwa. Mara ya pili jalada halikuonekana. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karani alipofunga mlango, bila kesi ile kutajwa.

Siku hiyo alirudi nyumbani jioni. Jirani aliyeahidi kupita alikuwa amepatwa na dharura. Mama Pacha alipomgeuza mama yake aliona kiunoni ngozi imechubuka, nyama nyekundu nje. Alisimama pale na kitambaa mkononi, asijue aanzie wapi.

Mama yake alikuwa akisema kwa shida, neno moja moja. "Ulikuwa... wapi?"

"Nilikuwa natafuta vitabu, mama."

"Vya nini?"

Alichemsha maji, akaanza kukisafisha kile kidonda.

Msimamizi alimshauri abadili mada, achukue usimamizi wa shule, kwa kuwa vitabu vya mada hiyo vimejaa rafu tatu. Alikataa. Aliomba muda, chuo kikampa miezi miwili, nayo ikaishia kwenye kidonda, kukisafisha asubuhi na jioni. Likizo ikaisha. Akarudi kufundisha, na walimu wenzake wakamwita Daktari kwa utani, mpaka wakaona hacheki, wakaacha.

Mkutubi alimpigia baada ya mvua za mwaka uliofuata. Ndugu wa mume walikuwa wameshinda, na walipokuwa wakisafisha nyumba walivituma vitabu chuoni kwa mkokoteni.

Alikwenda Jumamosi. Vilikuwa kwenye magunia mawili, nyuma ya maktaba. Alichukua kimoja, akajaribu kukifungua. Kurasa zilikuwa zimegandana kama tofali. Cha pili kilikatikia mkononi. Alijaribu vyote, hadi cha mwisho, akiingiza ukucha taratibu kati ya karatasi na karatasi. Mzee alisimama pembeni, hakumharakisha.

"Nimeambiwa niviandike kuwa vimeharibika," alinong'ona hatimaye. "Vitachomwa. Na lile somo lenyewe wamelifunga, waombaji hawapo."

"Mimi niliomba, mzee wangu."

"Najua, binti yangu."

Alijipangusa ukungu kwenye viganja, akamshukuru, akaondoka kwa mwendo wa haraka. Mama yake hakuwa amegeuzwa tangu asubuhi.