Nyongeza ya Severa

Mwaka 1985 Severa, Mchaga wa Rombo, alikuwa na kibanda cha vikapu vya ukili Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Serikali, ambayo kwa miaka mingi ilimtazama mfanyabiashara kama panya wa ghalani, ilikuwa imebadili macho: atakayeuza nje ataachiwa sehemu ya fedha za kigeni. Ikafungua na kozi ya jioni. Mwalimu Benjamini alifundisha bei, vipimo na kumridhisha mteja wa mbali. Severa alimsikiliza kama yuko kanisani.

Akapata mteja Ulaya. Siku ya kupakia, Benjamini na mimi, mwanafunzi mwenzake wa kozi ile, tulimsindikiza bandarini. Afisa forodha Abbasi akafungua kikapu cha kwanza, akatoa ndani yake kikapu kidogo cha kuenea kiganjani. Akafungua cha pili. Kimo. Cha tatu, kimo.

"Mama, hivi vidogo havimo kwenye kibali."

"Ni nyongeza, mwanangu."

"Nyongeza?"

"Ukinunua nyanya Kariakoo, huongezewi?"

"Naongezewa."

"Usipoongezewa?"

"Sirudi."

"Haya."

Mali isiyo na kibali ni magendo, na watu walikuwa wameshawekwa ndani kwa uhujumu uchumi kwa sababu ya katoni za sabuni. Meli ilikuwa inaondoka jioni ile, ikiwa na vikapu au bila.

"Tuvitoe, mama," Benjamini akanong'ona. "Utafungwa."

"Nimuuzie mtu kavukavu? Mara ya kwanza? Nitamtazamaje?"

Hatawahi kumtazama, mteja yuko Hamburg. Lakini Benjamini hakulisema hilo. Alikuna kichwa, akamgeukia Abbasi. "Bwana mkubwa, si sampuli hizi? Sampuli inatoka bila malipo."

Abbasi akakigeuza kile kikapu, akakichungulia kana kwamba sheria imeandikwa ndani. Kisha akaandika: sampuli. Dola zima likasogea kidogo, kikapu kikapata nafasi.

Winchi ikanyanyua shehena. Nimesoma vitabu vingi vya uchumi, vyote vinaeleza jinsi biashara ya nje inavyopanda. Sikujua inapanda hivyo, ikining'inia kwenye kamba, ikiyumba juu ya vichwa vyetu. Severa alikuwa ameshika kilemba kisianguke.

"Mama," Abbasi akakohoa, "na mimi je, sina nyongeza?"

Severa hakuondoa macho juu.

"Kwani umenunua nini?"